Sifuri Iko Wapi

Karatasi ya Bwana Mwaringa ilikuwa na namba tatu tu:
arubaini na moja, arubaini na mbili, arubaini na nne.
Lita za maji, kila nyumba, kwa siku, miaka mitatu.
Akasema, Fundi Fumo, namba hazitazamwi.
Nichoree madumu ya manjano
kwenye ubao wa njia panda ya Kongowea,
mtu aone akiwa bado mbali,
kabla hajafikiri.

Nikapiga hesabu kwa chaki. Madumu yakatoka
sare, hata mama yao angeyachanganya.
Akacheka, akaninyang'anya chaki,
akakata chote kilicho chini ya arubaini
kama mshoni anayefupisha suruali.
Ikabaki moja, mbili, nne.
Nikauliza, na sifuri iko wapi?
Akajibu, macho kwenye simu:
Sifuri haina kura.

Siku tatu juu ya ngazi.
La kwanza futi moja na nusu, la pili tatu, la mwisho sita;
na dumu likirefuka sharti linenepe,
ama litaonekana chupa.
Rangi ile huzimuliwa kwa maji,
na bomba la pale limekauka tangu Mfungo Sita.
Nikanunua kwa Tsuma wa mkokoteni, shilingi hamsini,
nikazimulia dumu la serikali
kwa maji ambayo serikali haikuyaleta.

Tsuma aliegesha kwenye kivuli cha ubao.
Darasa la nne hakulimaliza, lakini madumu anayajua.
Akatazama dogo, akatazama kubwa, midomo ikihesabu.
"Hili linaingia humu mara kumi na sita," akasema.
"Sasa mimi nitamuuzia nani?"

Mwanatumu, asiyejua alifu wala be,
aliusoma ubao kutushinda sote.
Akamtuma mjukuu na ndoo mbili
akaulize mlangoni pa ofisi foleni inaanzia wapi.
Mtoto akarudi na ndoo kavu
na fulana mpya yenye picha ya dumu.
Usiku redio ikatangaza: maji yameongezeka mara nne.
Mkono wangu huo, unasema kwa sauti ya mtu mwingine.
Haba na haba hujaza kibaba;
yetu imejaza ubao.

Nilipolipwa nusu (nusu nyingine "ikija")
nilirudi na kamba, nikapima.
Kila lita, futi moja na nusu. Arubaini ni futi sitini.
Miguu ya ubao, kumi.
Basi sifuri iko futi hamsini chini ya lami,
ndani ya jiwe la matumbawe,
kule visima vyetu vinakofika
vikakuta chumvi.

Pale mguu unapozama ardhini
nikachora mshale mdogo, manjano ile ile, ukielekea chini.
Bwana Mwaringa hajauona.
Tsuma aliuona. Akaufuata kwa macho hadi kwenye lami,
hakuuliza kitu,
akainua mikono ya mkokoteni, akasukuma.
Dumu lake moja lilikuwa likivuja:
likaacha mstari mwembamba barabarani,
unapinda kwenye kila shimo,
unateremka, unateremka kuelekea Kisauni,
na jua likiufuta kwa nyuma.