Mstari wa Nne

Mwaka wa tatu sasa, ubeti wa mia na kumi na saba
umesimama kwa miguu mitatu.
Ulikuwa hivi, wakati ule bado naupenda:

   Sanduku akalifunga
   ufunguo kautunga
   katika uzi wa kanga

na hapo wino ukakauka.
Kina cha mwisho kinataka -ya, kama beti zote za juu yake.
-Ya ni nyingi mjini Lamu, zimejaa hata kwenye matusi,
lakini yangu haikuja.

Kosa nililifanya Langoni, kwa Skanda kinyozi.
Kichwa kilikuwa chini ya wembe wake, nusu kimekwisha,
na mtu aliyenyolewa nusu hana siri.
"Siku hizi watunga nini?"
Nikamsomea.
Wembe ukasimama. "Kisha akajililiya!" akasema,
akanipangusa povu sikioni, akaendelea.

Kufikia adhuhuri utungo ulikwisha nitangulia sokoni.
Muuza halua akanipimia robo, akaongeza kipande cha bure:
"Mumewe kamrudiya. Andika hivyo, watu wamechoka na misiba."
Karani wa ardhi akanishika mkono penye ngazi:
"Hati zisije poteya."
Hakuwa akitania.

Jumamosi binamu yangu Famau akawasili kutoka Malindi na begi dogo.
Hakuuliza hali. Aliuliza sanduku la marehemu shangazi
na ndani mna nini.
Nikamwambia ni shairi.
Akasema, "Ndiyo, lakini liko wapi?"

Tangu hapo kila nikishika kalamu shangazi analia.
Mwanamke ambaye sikumwona na chozi
hata siku alipozika watoto wawili,
analia, tena kwa sauti ya Skanda.
Nikaapa: utungo mbichi hauvuki kizingiti changu.
Nikawa nafunga daftari hata paka akiingia.

Lakini dada yangu Thureya hushona kofia za vito,
na kofia haijui kuficha.
Mchoro watoka kwa jirani wa Mkomani,
vijitundu vyatobolewa na binti mmoja kule Gadeni,
uzi aujaza yeye, na ukingo
humaliziwa na mtu ambaye hata jina simjui.
Ikifika kichwani mwa bwana harusi
nani ataka kujua mkono wa kwanza ulikuwa wa nani?
Nilimwonea wivu, nakiri.
Usiku mmoja umeme umekatika, nikamsomea yale matatu,
nikafumba macho kama mtoto angojaye sindano
kuusubiri mstari wake wa nne.

Hakuutoa.
Aliuma uzi kwa jino, akaunyoosha penye mwanga wa simu.
"Uzi wa kanga hauchukui ufunguo wa sanduku lile," akasema.
"Ufunguo wenyewe mzito kama upawa. Hautafika alasiri, utakatika."
Kisha akaomba nimsogezee mkasi.

Miaka mitatu naupapasa ubeti nikitafuta mguu uliopungua,
kumbe uliooza ni mmoja wa ile iliyosimama.

Juzi kijana mmoja wa mtaani, daftari jipya kwapani,
karatasi zake bado zanuka duka,
kaniuliza: kazi isiyokwisha, tuiseme au tuifiche?
Nikafikiri sana.
Nikamshauri ajinyoe mwenyewe.
Alicheka, akadhani ni fumbo.

Mstari wa tatu nimeufuta.
Ufunguo sasa umetungwa katika kitu kingine, chenye nguvu,
na baada yake ule wa nne ulikuja bila kubisha,
alfajiri, nikiwa natafuta kiatu.
Thureya hajausikia, ingawa uzi ulioukata ni wake.
Na Skanda bado huuliza, kila Alhamisi,
kichwa changu kikiwa mikononi mwake:
"Vipi, shangazi alilia?"
"Bado," namjibu,
na povu laniingia mdomoni.