Udongo wa Pongwe

Nimeutia siki kijiko kimoja
udongo wa nyuma ya jiko,
ukafoka povu kama soda iliyotikiswa.
Basi. Jibu nimelipata bila maabara:
chokaa tupu. Tumejenga juu ya mifupa ya bahari.

Miche kumi na miwili ya stroberi
niliipakata kutoka Soni,
imefungwa kwa jani la mgomba lililoloa.
Mama alisema, "Ukifika, siku tatu isilione jua."
Nikaificha. Ikashika.
Halafu majani yakageuka manjano,
mishipa tu ikabaki kijani,
kama mkono wa mtu aliyelazwa muda mrefu.

Nikadhani njaa, nikatia samadi.
Nikadhani kiu, nikatia maji.
Mama mkwe akapita na ndoo yake:
"Kitu cha baridi hicho. Kirudishe kwao."
Sikujua anaisema miche
au ananisema mimi.

Semgaya, anayepulizia mikorosho ya watu,
alinipa salfa iliyosalia chini ya mfuko,
unga wa njano, unawasha pua.
"Viganja viwili, usizidishe.
Inatafunwa na vijidudu usivyoviona.
Miezi, dada, si siku."
Nikaichanganya na makumbi ya nazi yaliyooza,
na majani ya mvinje, gunia zima, niliyozoa Sahare,
na machicha ya kahawa kutoka kijiweni,
ambako wanaume walinicheka:
"Shemeji, hata makapi huachi?"
Sikuacha.

Miezi mitatu. Nikapima tena.
Povu limepungua, halijakoma.
Nani anakirudisha, ninachokitoa?

Asubuhi moja nasugua birika,
ukoko mweupe, mgumu kama jino,
nikaketi chini na steliwaya mkononi
nikacheka peke yangu.
Maji ya kisima!
Kila jioni, kwa kopo langu mwenyewe,
nilikuwa nainywesha chokaa.

Siku hizi nakinga vuli chini ya bati,
pipa la buluu, kitambaa juu kuzuia mbu,
na mtu akichota humo kuoshea miguu
tunagombana.

Pongwe sijaibadili, sitaibadili.
Nimebadili shimo moja, upana wa mkeka wa kuswalia.
Ukivuka ukingo wake chokaa kinangoja,
nacho hakina haraka.

Jana nimechuma moja.
Ndogo kuliko ncha ya kidole gumba,
ubavu mmoja bado mweupe.
Nikaikata kwa wembe,
nusu nikampelekea mama mkwe kwenye kisosi.
Akafumba jicho moja, bega likampanda.
"Chachu!"
Akalamba kidole.
Akatazama shimoni, akahesabu kwa midomo.
"Na ile pale," akauliza,
"ile iliyojificha chini ya jani,
itaiva lini?"