Kidirisha

Bahi, kidato cha pili B, wanafunzi sabini na mmoja.
Mkasi wa shule ni mmoja, wa pili wangu, wa tatu
wa mama yake Nyemo anayeshona sare sokoni,
nao hurudi kabla ya saa nane, la sivyo ugomvi.

Karatasi tunazikata kwenye mifuko ya saruji
iliyobaki walipojenga choo cha walimu.
Gundi ni utomvu wa mgunga. Mahinyila huuokota akichunga,
huuleta mfukoni umeshikana na makombo ya pipi,
tunauloweka usiku kucha kwenye kopo la rangi.
Paka kidogo. Kunja. Bana kwa kidole gumba.
Hesabu hadi ishirini, kwa Kiingereza,
na mtu asiruke kumi na tatu, nasikia.

Daftari langu mimi lilikuwa bapa.
Nilinakili ubao mpaka kengele,
nikajua kuandika went miaka miwili
kabla ya kujua linasema nini.

Haya yao yanavimba kama maandazi.
Ukurasa wa kulia ni wangu: kanuni, mstari chini yake.
Wa kushoto ni wao, huko siingii na kalamu nyekundu.
Humo mna bahasha za maneno waliyoyaokota
kwenye matako ya malori yaendayo Singida,
mna gurudumu la viwakilishi lililotobolewa kwa mwiba,
mna treni, kila behewa sentensi,
maana reli inapita hapa nao wamechoka kuihesabu tu.

Na mna vidirisha. Juu kitenzi cha leo,
ukifunua, chini yake cha jana.
Eat, ukifunua, ate. Buy, ukifunua, bought,
na darasa zima huicheka hiyo gh iliyokaa bure
kama mjumbe wa kamati.

Kwa Lungwa, kidirisha cha go hakikufunguka.
Nilidhani bahati mbaya. Nikaingiza kucha,
nikaingiza rula. Utomvu ulipakwa
pembe zote nne, mara mbili, na mtu mwenye nia.
Nikaandika upande wangu: Rudia.
Akarudia. Kikagandishwa tena.

"Lungwa, go ya jana ni ipi?"
Akasimama, akatazama dirisha lisilo na kioo.
"Mwalimu, my father go to Mererani."
Wenzake wakalipuka: "Went! Went!"
"Go," akasema, akakaa.

Baadaye niliambiwa ofisini, kati ya chai na mahudhurio:
mwaka wa tatu huu. Simu haipatikani.
Kwao, ugali ukipakuliwa,
sahani moja bado hufunikwa.

Februari alikuja mthibiti ubora, gari jeupe, viatu vikali.
Alifunua madaftari kwa ncha za vidole
kama mtu afunuaye kiota.
"Mwalimu, hili ni somo au ufundi?"
Sikuwa na jibu refu. Nikasema ufundi.
Akafika kwa Lungwa, akavuta, hakikutoka.
"Na hiki? Kina kasoro?"
"Hapana," nikasema, "hicho kiko sahihi."
Akaandika kitu. Sikukiona.

Juzi mvua ilituingilia, ile tuliyoiomba tangu Novemba,
ikashukia tundu la bati juu ya kabati.
Utomvu wa mgunga hauna ubishi na maji.
Nikawa naanika madaftari juu ya madawati,
moja moja, kama samaki wa bwawani,
nikaona kona ya kidirisha imeinuka, nusu ya ukucha,
na chini yake penseli, herufi ndogondogo,
nyingi kuliko kitenzi kimoja.

Nikalamba kidole. Nikakibana.
One, two, three,
taratibu, darasa tupu, bati likidondoka,
na kumi na tatu sikuiruka.