Wembe wa Ludoviko

Baba alibatizwa kwa jina la mfalme
na hakuwahi kuwa na kiti chake mwenyewe
mpaka aliponunua kile cha kuzunguka,
cha mtumba, pale Kibuye,
ngozi imechanika, chuma kinalia.
"Haya," akasema, "mfalme amepata enzi."

Juu ya kioo, kando ya bei za kunyoa,
alibandika picha aliyopewa na katekista Odera:
Mtakatifu Ludoviko wa Ufaransa,
taji kichwani, upanga kiunoni, nywele hadi mabegani.
"Huyu angeketi hapa," Baba alicheka,
"tungekula samaki siku mbili."

Odera alimsimulia yote, au karibu yote:
kwamba mfalme alivaa gunia chini ya hariri,
kwamba aliwaita maskini mezani pake
akawaosha miguu, na wenye ukoma
akawalisha kwa mkono wake.
Basi kila tarehe ishirini na tano ya Agosti
watoto wa jalalani walinyolewa bure,
mimi nikishika beseni,
maji yakigeuka rangi ya barabara ya Obunga.

Yale mengine niliyasoma mwenyewe, shuleni:
kwamba alivuka bahari mara mbili na jeshi,
akaja Misri, akatekwa, akakombolewa kwa fedha,
hakukoma. Akarudi, upande wa Tunisi,
na huko, kwenye mchanga wa bara letu, akafa.
Si kwa mshale.
Kwa tumbo la kuhara,
kama mtoto yeyote wa Nyalenda mwaka wa mafuriko.

"Baba, upanga ulikuwa wa nini?"

Ilikuwa Ijumaa. Kitini alikuwa Bwana Sebit wa Kibos,
amewahi kabla ya swala,
kichwa amekilaza nyuma, macho ameyafumba,
koo lote wazi.
Baba hakunijibu. Alinoa wembe kwenye mkanda,
akaupima kwa kidole gumba,
akaupitisha chini ya kidevu kile
polepole, kama mtu anayefuta vumbi kwenye yai.
Sebit alikuwa anakoroma.

Mwaka wa kipindupindu Baba alilala siku tatu.
Tulimpa maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko,
yakatoka yalivyoingia.
Majirani walisimama mbali, mlangoni, wakiita pole.
Sebit aliingia. Alivua viatu,
akauliza wembe uko wapi.
"Kinyozi haondoki na ndevu hizi," akasema,
na mkono wake wa fundi baiskeli ukitetemeka
akamkata kidogo, shavuni.
"Nisamehe, Ludoviko."
Baba alicheka kwa jicho moja. Ndicho kicheko cha mwisho nilichokiona.

Kiti sasa ni changu. Chuma bado kinalia.
Wateja wengine huniuliza yule mwenye taji ni nani,
nami husema, somo wa baba yangu,
na wakitaka zaidi nawaambia watulize kichwa.
Sijui la kumfanyia mfalme.
Kumshusha nimeshindwa, kumwombea nimeshindwa.
Nimemwacha pale juu ya kioo
atutazame tukifanya kazi,
na nywele zake bado ndefu.