Sehemu ya Kumi na Moja

Walitoka Dar kwa treni, wawili, na mashine ndani ya sanduku la bati,
wakashuka Tabora saa tisa usiku,
kulipokucha wakawa wanaulizia Isevya:
nyumba ya marehemu Mihayo, karani wa reli,
yule aliyekuwa akirekodi tamthilia.

Kule kituoni, walisema, hakuna kilichobaki.
Kanda zilikuwa ghali, wakubwa wakaamuru zitumike tena.
Juu ya sehemu ya kwanza wakarekodi mpira,
juu ya ya pili, ufunguzi wa daraja,
juu ya ya tatu, mpira tena, sare ya bila kufungana.
"Ukuta Mmoja" ina miaka ishirini na sita hewani
na haijui ilivyozaliwa.

Nikawatolea ndoo za asali.
Baba hakuwa na kabati. Alikuwa na ndoo za wanunuzi wa Sikonge,
zile za mfuniko unaobana hadi ukucha uchomoke.
Kanda sita kila ndoo, na mkaa umefungwa kitambaani unywe unyevu.
Hadi leo ukifungua, harufu ya nta inakutangulia.

Wahenga walisema akiba haiozi.
Hawakuwahi kuweka kanda ya video.
Inaota ukungu mweupe kama unga wa muhogo,
inakoroma, inameza uso wa mtu kuanzia kidevuni.
Mama alileta spiriti na pamba kutoka Kitete
(Mungu na hospitali wamsamehe),
na kila Jumapili baba akasafisha kichwa cha deki
kwa uangalifu ambao kucha zake mwenyewe hazikuwahi kuuona.

Maana yote haya yalikuwa kwa ajili yake.
Zamu ya usiku, wodi ya wazazi.
Tamthilia inaanza saa tatu kasorobo, yeye yuko kule
anapokea watoto wa watu.
Baba hakuwa mtu wa maneno matamu.
Alibonyeza kitufe chekundu.

Sehemu ya nne ililala juu ya harusi ya mjomba Ngasa.
Zamda akishafunga mlango, maandishi yakishapita,
mjomba anachomoza sekunde tisa, jasho tele, kisu juu ya keki.
Vijana wakataka kumkata.
Acheni, nikasema, huyo naye yumo.

Wakahesabu. Moja, mbili, hadi kumi. Kisha kumi na mbili.
"Ya kumi na moja iko wapi?"

Ilikuwa masika. Zamda amesimama nyuma ya mlango,
mume yuko barazani na begi lake, mvua inamchapa,
hodi ya kwanza,
hodi ya pili,
umeme ukakatika Tabora nzima.
Baba akalitukana shirika, akaenda kulala.

Alfajiri mama akarudi.
Usiku ule walikuwa wamempoteza mzazi; hilo nililijua nimeshakuwa mtu mzima.
Akatia miguu kwenye beseni, akaniuliza: alifungua?
Nilikuwa na miaka tisa.
Nikamwambia alifungua. Nikamwambia alimpa taulo.
Nikamwambia walikunywa uji wakacheka
mpaka jirani akagonga ukuta.
Mama akafumba macho. Nilijua tu, akasema.

Wiki iliyofuata, Zamda yuko peke yake,
anapepeta mchele, mume hatajwi hata kwa bahati mbaya.
Mama alitazama kanda yote kimya. Ilipokwisha
akanigeukia mimi, si televisheni:
"Ule uji wao, uliwekwa ndimu?"

Kijana mwenye kalamu bado anasubiri.
Kuna fomu, kuna mstari mtupu, panahitajika maelezo.
Mama, kama unakumbuka chochote, anasema,
chochote kile, kitasaidia.

Andika umeme ulikatika, nikamwambia.
Akaandika.
Kisha nikaingia jikoni, nikakoroga uji wa watu watatu,
nikatafuta ndimu.