Baada ya Matangazo

Hapa Mabela, Alhamisi baada ya Isha,
sebule yetu hugeuka mahakama.
Majaji si wale watatu wa kwenye kioo,
wenye viti vyekundu na meno mapya.
Jaji ni Bi Zuweina, mavyaa wangu,
miguu juu ya mto, kikombe cha kahawa kiganjani,
remoti kaificha chini ya paja
kama hati ya kiwanja.

Ana sheria zake, hakuziandika.
Mtu akilia kabla hajaimba,
sauti inazimwa.
"Misiba tunayo yetu," husema,
"huu wa kukodi wa nini?"
Tunabaki kutazama midomo inayotetemeka,
picha ya nyumba ya udongo, bibi kitandani,
kamera ikilisogelea chozi
kama nzi anavyoisogelea tende.

Na ule mshawasha wa kupangwa!
Na mshindi wa usiku huu ni...
Ngoma du, du, du,
mtangazaji anameza mate,
bahasha anaifungua kana kwamba ndani mna nge.
Halafu: tutarudi baada ya matangazo.
Mchele. Gari la kupandia milima ya mchanga. Sabuni.
Mchele tena.
Bi Zuweina keshalala, mdomo wazi,
nami nimeshakunja nguo za watu sita.

Usidhani hatupendi. Tunapenda,
ila tukipendacho hakimo kwenye ratiba.
Yule msichana wa Salala
aliyesahau ubeti wa pili, akacheka mwenyewe,
akauliza, "Nilifika wapi?"
na ukumbi mzima ukamjibu.
Yule mzee wa kiinimacho
ambaye njiwa wake aligoma kurudi mkobani,
akamkalia jaji begani,
akanya.
Siku ile Bi Zuweina alicheka
mpaka tukamtafutia dawa yake ya pumu.

Kisha akaja Mundhir wa Ibri,
dereva wa tangi la maji,
kanzu yake imepigwa pasi upande mmoja.
Hakuleta hadithi. Hakumleta mama yake.
Akaziba mdomo kwa viganja,
akatoa sauti ya kiyoyozi kibovu.

Kwanza mvumo, ule usiousikia mpaka ukatike.
Kisha mkwaruzo, kama mtu anayesafisha koo
kabla ya kutoa habari mbaya.
Kisha tone, tone, ndani ya ndoo.
Kisha kimya.
Kimya kile, mwezi wa Agosti,
kila mtu wa nchi hii anakijua.
Mume wangu Harith aliruka kukimbilia swichi.
Mtoto akafungua dirisha.
Bi Zuweina akakazia macho ukuta: "Kimekufa?"
Na chetu kilikuwa kinapuliza, kizima, baridi tele.
Ukumbini watu wamevaa makoti
wanajipepea.

Majaji wakasema dakika kumi na mbili.
Umetugusa. Una safari ndefu mbele yako.
"Safari gani tena," akasema Bi Zuweina,
"na mtu keshafika?"

Harith alituma kura tatu, salio likamwishia.
Akashinda mtoto wa miaka tisa ndani ya suti,
mwenye sauti ya mtu mzima
na machozi ya mtu mzima.
Karatasi za dhahabu zikamwagika kutoka juu.
"Nani atazifagia?" akauliza mavyaa,
na kweli nikamwona, pembeni kabisa,
mtu na ufagio wake, anasubiri,
kabla kamera haijageuka.

Jana, saa nane za usiku,
joto nje limekaa mlangoni kama mdai,
kikaanza chetu.
Mvumo. Mkwaruzo. Tone, tone.
Kimya.
Gizani, kutoka chumba cha pili,
Bi Zuweina, sauti imejaa usingizi:
"Harith! Mpeni ushindi wake huyo kijana,
atuwashie."