Upande wa Nyuma wa Daftari

Nililichukua daftari la madeni ya wateja,
nikaligeuza nyuma mbele,
nikapiga mistari kwa spoku iliyonyooka:
hatua, mshindi, saa, pengo.
Safu ya mwisho niliipa jina moja tu: Ruhwanya.

Hatua ya kwanza, Mwanza hadi Shinyanga.
Redio juu ya boksi la gundi na viraka,
mtangazaji akitafuna majina kama karanga za moto.
Ruhwanya wa tisini na nne kati ya mia na sita.
Nyanzala akapita na ndoo kichwani:
"Na huyo ndiye wako?"
Ndiye.

Hakuja kushinda. Kazi yake ni kurudi nyuma
hadi kwenye gari la timu, ajaze chupa mgongoni,
nane, tisa, nundu ya plastiki chini ya jezi,
kisha aupande tena msafara, mtu kwa mtu,
ampe maji anayetajwa redioni.
Mimi nilibeba mkaa kutoka Sikonge miaka sita,
magunia mawili na kiroba juu,
na mkaa haukuwa wangu.

Hatua ya pili upepo ulivuma ubavuni,
kundi likakatika kama uzi uliooza.
Hatua ya tatu, betri zilikufa.
Safu niliiacha tupu. Sikutaka kubuni.

Hatua ya nne ilikuwa inakuja kwetu.
Nilifunga kibanda Isevya, nikaenda Ipuli,
nikasimama tangu saa mbili asubuhi
na watoto, na wauza miwa, na askari mmoja
aliyekuwa akituambia turudi nyuma, turudi nyuma,
mpaka yeye mwenyewe akawa mbele yetu wote.

Saa saba na robo zikapita pikipiki.
Kimya. Halafu sauti,
mvua ya kwanza juu ya majani makavu ya tumbaku:
cheni mia moja zikizunguka kwa pamoja.
Nilihesabu sekunde kumi na nne.
Rangi, jasho, harufu ya dawa ya kuchua misuli,
na vumbi likarudi kukaa mahali pake.
"Zimeisha?" mtoto wa Mwashi akauliza.

Watu walianza kutawanyika.
Mimi nilikuwa sijamwona wangu.

Dakika kumi na moja baadaye akaja peke yake,
namba themanini na saba, goti lina damu iliyokauka,
na kabla sijamwona uso niliisikia baiskeli:
tik, tik, tik, kila mzunguko mmoja.
Jino limepinda kule nyuma.
Nikapiga kelele, "Jino la tatu! Usiliweke la tatu!"
Askari akacheka.
Ruhwanya hakugeuka. Ila mkono ulishuka,
ukabonyeza kitu,
na ile tik ikakoma.
Au alikuwa ameshafika mbali.

Chupa aliyoitupa niliiwahi mimi,
mtu mzima wa miaka hamsini na mbili,
nikigombania mtaroni na watoto.

Hatua ya tano, Urambo. Ya sita, wakavuka Malagarasi,
wanne wakajitoa, mtangazaji hakusema kina nani.
Usiku ule sikulala vizuri.
Redio husema nani amefika,
haisemi cheni zinalia vipi.

Ya saba, Uvinza hadi Kigoma.
Mteremko wa Mwanga, kelele, ziwa likatajwa,
akatajwa wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi,
kisha likaja tangazo la sabuni,
kisha taarifa ya habari.

Nyanzala alikuta kalamu iko mkononi bado.
"Wako amekuwa wa ngapi?"
Niliandika, herufi kubwa kubwa,
neno ambalo hakuna aliyenisomea: AMEFIKA.
Akaliangalia. Akalifunua daftari upande wa mbele.
"Na Kapaya? Tyubu mbili tangu Mei."

Chupa ninayo. Naiwekea mafuta ya cheni.